Mwongozo Kamili: Kumhoji Mtoa Habari Chini ya Serikali ya Kiimla Bila Kumponza

Waandishi wanaoniletea kazi zao nizipitie wana ujasiri na wanaandika vizuri, lakini karibu wote wanajikwaa pale pale. Habari inatoka, mwandishi anapongezwa, na siku chache baadaye mtu aliyemsimulia hapatikani tena kwa simu. Jina lake halikuandikwa popote, na bado alijulikana.

Mwongozo huu unashughulikia kazi moja: wewe, mwandishi wa kigeni, kumhoji mtu anayeishi chini ya serikali ya kiimla na kumwacha salama kama ulivyomkuta. Fuata hatua kwa mpangilio. Wengi huanzia kwenye mahojiano yenyewe, yaani hatua ya sita, na makosa yao mengi yamo katika zile tano walizoruka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Viza ya uandishi na kitambulisho cha mwandishi, pamoja na nakala anazobaki nazo mhariri.
- Simu ya safari isiyo na picha zako, barua zako wala orodha yako ya majina.
- Kompyuta mpakato ambayo diski yake yote imesimbwa, yaani haisomeki bila nenosiri.
- Daftari la kawaida na kalamu. Bado ni vifaa bora kuliko vyote katika kazi hii.
- Kadi za ziada za kumbukumbu za kamera.
- Mhariri mmoja aliye nje ya nchi, anayejua ratiba yako saa kwa saa.
- Namba ya wakili wa nchini humo, uliyoikariri kichwani.
- Fungu la dharura kwa ajili ya mkalimani, dereva na mwenyeji wako: la wakili wao, na la kuwaondoa nchini ikibidi. Ofisi yako ikikuwekea bima wewe na kuwasahau wao, gomba mpaka waingizwe.

Simu ya setilaiti iache, isipokuwa unakwenda mahali pasipo na mtandao kabisa. Mawimbi yake yanaonyesha ulipo kwa yeyote mwenye mitambo ya kuyanasa, na nchi nyingine huhesabu kuwa nayo tu ni kosa.

## Hatua ya 1: Pata ithibati (kibali cha uandishi), lakini usiiegemee

Kufanya kazi kwa viza ya utalii kunaipa serikali kosa la bure la kukushtaki nalo, na kila uliyeonana naye anageuka mshirika wa kosa hilo. Peter Greste, Mohamed Fahmy na Baher Mohamed wa Al Jazeera walipokamatwa Misri mwezi Desemba 2013, kufanya kazi bila kibali kulikuwa miongoni mwa mashtaka yao. Waswidi wawili, Martin Schibbye na Johan Persson, waliingia Ogaden nchini Ethiopia wakitokea Somalia, pamoja na waasi, mwaka 2011. Walihukumiwa miaka 11 kila mmoja, wakasamehewa Septemba 2012.

Soma masharti ya kibali neno kwa neno. China iliacha mwaka 2007 kumtaka mwandishi wa kigeni aombe ruhusa kila anapokwenda mikoani, lakini Tibet bado haiendeki bila kibali maalumu. Jambo lililo halali katika mji mkuu linaweza kuwa kosa mkoa wa pili.

Onyo: kibali si ngao. Evan Gershkovich wa Wall Street Journal alikuwa na ithibati ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Urusi siku alipokamatwa Yekaterinburg, Machi 29, 2023. Alihukumiwa miaka 16 kwa ujasusi, akaachiwa Agosti 1, 2024 katika kubadilishana wafungwa. Kibali kinapunguza visingizio vya kukukamata, hakiviondoi.

## Hatua ya 2: Jua nani ataumia

Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Katika kazi hii ukiudhi wenye nguvu, mara nyingi wewe utafukuzwa nchini. Mwenyeji hana pa kufukuziwa.

Rudi kwenye kesi ile ya Misri. Greste, raia wa Australia, alirudishwa kwao Februari 2015. Baher Mohamed, Mmisri, alikuwa amehukumiwa miaka 10 wakati wenzake walipewa 7, ile mitatu ya ziada ikitokana na ganda la risasi iliyokwisha kutumika alilokutwa nalo. Aliendelea kuburuzwa mahakamani mpaka msamaha wa Septemba 2015.

Kwa hiyo kaa na mhariri wako, kabla hujapanda ndege, mjibu maswali haya kuhusu kila mtu atakayegusa habari yako:

1. Akijulikana, atapoteza nini: kazi, nyumba, uhuru, au maisha?
2. Nani mwingine ataadhibiwa kwa ajili yake? Wazazi? Watoto walioko shuleni?
3. Je, anaweza kuondoka nchini, na kwa muda gani?
4. Je, habari hii inaweza kuandikwa bila yeye?

Swali la nne ndilo linaloumiza, na ndilo linalorukwa zaidi. Ikiwa unaweza kuthibitisha jambo kwa picha za setilaiti, gazeti la serikali, takwimu za forodha au mtu aliyekwisha kuhama, basi huna haki ya kumtia mtu hatarini kwa sababu tu maneno yake yataipendezesha aya yako ya kwanza.

Usiwasahau wasaidizi wako. China hairuhusu raia wake kuwa waandishi wa vyombo vya kigeni. Huajiriwa kama wasaidizi tu, bila kinga yoyote. Zhao Yan, mtafiti katika ofisi ya New York Times mjini Beijing, alikamatwa mwaka 2004 na akafungwa miaka 3. Mpe msaidizi wako neno la mwisho. Akisema mtaa ule tusiende, hamwendi, wala usimdai sababu.

Nawe ukiwa na uraia wa nchi mbili, mojawapo ikiwa hiyo unayokwenda, jihesabu kama mwenyeji. Iran haitambui uraia wa pili. Jason Rezaian wa Washington Post alikaa kizuizini siku 544 kuanzia Julai 2014.

Hatua hii imekamilika ukiweza kumtajia mhariri, bila kusitasita, mtu aliye hatarini kuliko wote na utakachofanya siku akikamatwa. Jibu likiwa "tutaona", usisafiri.

## Hatua ya 3: Safisha vifaa vyako

Kanuni ni moja: kitu kisichokuwemo ndani ya simu hakiwezi kutolewa humo, hata kwa kipigo.

Oktoba 2011 mtengeneza filamu Mwingereza Sean McAllister alikamatwa Damascus, na maofisa wa usalama wakachukua kompyuta, simu na picha zake za video. Yeye aliachiwa baada ya siku chache. Wanaharakati aliokuwa amewarekodi walilazimika kutoroka, kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi kwa aliyekishika.

Fanya hivi:

- Simba diski ya kompyuta na simu, na tumia nenosiri refu. Zima kufungua kwa alama ya kidole au uso, maana kidole chako kinaweza kushikwa na kubandikwa kwenye simu.
- Zima kabisa simu na kompyuta kila unapokaribia mpaka, uwanja wa ndege au kizuizi cha polisi. Usimbaji hulinda zaidi kifaa kikiwa kimezimwa.
- Toka kwenye akaunti zako zote za barua pepe na za kuhifadhi faili. Nenosiri za akaunti nzito abaki nazo mhariri.
- Angalia kama VPN, programu inayoficha unachofanya mtandaoni, inaruhusiwa huko. Penye marufuku, ipakue kabla ya kuondoka au uiache kabisa, kulingana na uzito wa adhabu.

Simu iliyosafishwa inabaki kuwa simu. Uchunguzi uliochapishwa na vyombo vingi vya habari Julai 2021 ulionyesha jinsi programu ya kupeleleza simu iitwayo Pegasus ilivyotumiwa dhidi ya waandishi, nayo ina uwezo wa kuingia bila wewe kubofya chochote. Ukitumia iPhone, washa Lockdown Mode, hali ya ulinzi mkali iliyoanza mwaka 2022. Kisha ishi ukiamini kwamba simu yako inasikia. Tabia hiyo inalinda kuliko programu yoyote.

## Hatua ya 4: Mfikie kwa njia yake

Kosa la kawaida hapa ni mwandishi kuchagua programu anayoiamini yeye na kumlazimisha mtoa habari aipakue. Katika baadhi ya nchi, kukutwa na programu fulani kwenye simu ndiko kosa lenyewe. Muulize, kupitia mtu mnayemwamini wote wawili, watu wa rika na kazi yake hutumia nini kila siku. Ujumbe mfupi usio na maana yoyote kwenye programu ya kawaida, ukifuatiwa na kuonana ana kwa ana, mara nyingi hauvuti jicho la mtu kama programu ya siri iliyopakuliwa jana.

Pale Signal, programu ya ujumbe uliosimbwa, inapotumika bila shida, weka ujumbe wa kujifuta, na tumia jina la mtumiaji badala ya namba yako. Uwezo huo upo tangu 2024. Laini za simu huandikishwa kwa vitambulisho, kwa hiyo namba ni sawa na jina.

Usimpigie kazini. Usimwandikie kwa anwani ya ofisi yake, wala kupitia kampuni inayoweza kutii amri ya serikali hiyo. Mwandishi wa China Shi Tao alituma kwa barua pepe, mwaka 2004, maelezo ya agizo la serikali kwa vyombo vya habari. Yahoo ilitoa taarifa za akaunti yake, naye akahukumiwa miaka 10.

Utajua umefaulu ikiwa, mtu akichukua rekodi za simu za mwezi mzima, hataona mstari wowote unaounganisha namba yako na yake.

## Hatua ya 5: Patana naye kabla hajasema neno

Mtu aliyekaa miaka mingi bila kusikilizwa akipata sikio, humwaga yote. Usimwache afanye hivyo kabla hamjapatana. Mweleze habari itatoka wapi, lini na kwa lugha gani. Mwambie waziwazi kwamba itatafsiriwa kurudi lugha yake, na kwamba watakaoisoma mwanzo kabisa ni makachero. Wengi hudhani gazeti la mbali linasomwa mbali.

Kisha patana naye kuhusu jina, umri, kazi, mji, picha na sauti, kimoja baada ya kingine. "Usitaje jina langu" si mapatano kamili; anaweza kuwa hajui kwamba kazi na mtaa wake vinatosha.

Vipi akisema, "Andika jina langu, nimechoka kuogopa"? Hapa nimebishana na wenzangu wengi. Wapo wasemao ni mtu mzima na uamuzi ni wake. Nakubali uamuzi ni wake, lakini mpe siku mbili, umuulize tena akiwa ametulia, na umuulize kama watu wa nyumbani kwake wameulizwa. Jina lake likitajwa, mke na watoto nao wametajwa. Nimeona watu wakishikilia msimamo na nimeyaandika majina yao kwa heshima. Nimeona pia wakirudi asubuhi ya pili wakiomba yafutwe, na nikashukuru kwamba nilisubiri.

Mpe saa ya mwisho ya kujitoa, na uitii. Patana naye pia ishara atakayoitoa habari ikishatoka kuonyesha kwamba yu salama, na muda wa kuitoa.

## Hatua ya 6: Kutana naye, na usipokee kitu

Mahali pazuri pa kukutana ni pale ambapo nyote wawili mna sababu ya kawaida ya kuwepo. Chumba chako cha hoteli hakifai, na nyumba yake ndiyo haifai kabisa. Penye watu kiasi, si wengi wala wachache mno, pana faida: msongamano mkubwa huficha anayewafuata, na upweke huwafanya mwonekane.

Simu ziacheni. Lakini usizime simu yako dakika tano kabla ya kukutana, naye akazima yake dakika hizo hizo. Simu mbili zinazotoweka kwa pamoja katika mnara mmoja wa simu ni taarifa tosha. Iache hotelini ikiwa imewashwa. Naye aiache mahali inapokaa siku zote saa kama hizo.

Sasa onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usipokee bahasha, kifurushi wala kifaa cha kuhifadhia data ambacho hukukitarajia. Agosti 30, 1986, mjini Moscow, Nicholas Daniloff wa U.S. News & World Report alipokea kifurushi kutoka kwa mtu aliyemfahamu. Makachero wa KGB, idara ya usalama ya Urusi ya Kisovieti, wakamkamata papo hapo, na ndani mkakutwa picha na ramani zenye muhuri wa siri.

Mtego huo haujazeeka. Desemba 12, 2017, Wa Lone na Kyaw Soe Oo wa Reuters walialikwa kula na polisi mjini Yangon, Myanmar, wakakabidhiwa karatasi, wakakamatwa walipotoka. Walikuwa wakichunguza mauaji ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo. Walikaa ndani zaidi ya siku 500. Kapteni wa polisi Moe Yan Naing alipoeleza mahakamani kwamba wakubwa wake walikuwa wameamuru mtego huo, alifungwa mwaka mmoja, na familia yake ikatolewa kwenye nyumba za polisi.

Kama karatasi ni muhimu, isome ukiwa umeketi hapo, nakili mambo ya msingi kwa mkono, na umrudishie.

## Hatua ya 7: Rekodi kidogo, ficha vizuri

Katika daftari, mpe kila mtu alama isiyohusiana na jina lake. Usitumie herufi za kwanza za jina. Huo si ufichaji. Orodha ya kuunganisha alama na majina abaki nayo mhariri, nje ya nchi, nawe uikariri.

Kamera nyingi hazisimbi picha, na hii inasahaulika sana. Tuma picha mapema kwa njia iliyosimbwa, kisha fomati kadi na uijaze picha za kawaida za mandhari na barabara. Kadi tupu kabisa huzaa maswali.

Kumfunika mtu uso kwa ukungu wa kompyuta si kinga ya kutosha ikiwa picha halisi ipo bado. Ni afadhali usiupige uso kabisa: piga mikono, mgongo, kivuli ukutani, halafu kagua nyuma yake kuna nini. Pazia, kalenda na mlingoti unaoonekana dirishani vimewahi kusema zaidi ya sura. Sauti iliyobadilishwa kwa mashine inaweza kurejeshwa, hivyo mtafute mtu mwingine ayasome maneno yake.

Futa pia taarifa zilizojificha ndani ya faili. Desemba 2012 jarida la Vice lilitoa picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, aliyekuwa akijificha, iliyopigwa kwa simu. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya mahali, na dunia ikajua yuko Guatemala.

## Hatua ya 8: Andika ukimfikiria jirani

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliandika kuhusu mtumishi mmoja wa umma bila kumtaja jina. Niliacha idadi ya watoto wake, mwaka alioajiriwa, na msemo aliopenda kuurudia, kwa sababu msemo ulikuwa mtamu. Ndani ya wiki ofisi nzima ilikuwa ikimwita kwa msemo huo. Alihamishiwa mbali, na hajaongea nami tena. Uzuri wa sentensi yangu ndio uliomponza.

Kwa hiyo isome rasimu mara tatu. Mara ya kwanza kama jirani yake, mara ya pili kama bosi wake, mara ya tatu kama ofisa aliyepewa kazi ya kumsaka. Kila taarifa inayopunguza idadi ya watu wanaoweza kuwa yeye, iondoe au ipanue: "mfanyakazi wa afya" badala ya "mkunga wa hospitali fulani". Usibadilishe ukweli ili kupotosha wasomaji. Acha tu kuutaja. Ukibaki na maelezo yanayoweza kuwafaa watu mia moja, umefika.

Nyaraka zina hatari yake. Mwaka 2017 tovuti ya habari ya The Intercept ilionyesha serikali ya Marekani nakala ya waraka wa siri ili kuuthibitisha. Mikunjo ilionyesha kwamba ulichapishwa kwenye karatasi. Waliouchapisha walikuwa sita tu, na mmoja wao, Reality Winner, aliyeuvujisha, akahukumiwa kifungo cha miaka zaidi ya mitano. Hapo palikuwa na mahakama huru na wakili. Unapoomba maoni ya serikali ya kiimla, peleka maswali kwa maneno yako mwenyewe, na nakala usiitoe.

Lakini tahadhari isigeuke kuficha. Kumlinda mtoa habari na kulinda viza yako ni mambo mawili tofauti, nami nimesikia la pili likijiita la kwanza. Machi 1933 Gareth Jones, baada ya kutembea kwa miguu katika vijiji vya Ukraine, alitangaza mjini Berlin njaa aliyoiona. Walter Duranty wa New York Times, akiandika kutoka Moscow, alimkanusha siku mbili baadaye. Jones alipigwa marufuku kurudi Urusi ya Kisovieti. Duranty aliendelea kukaribishwa. Kila jambo unaloliondoa, jiulize linamlinda nani.

## Hatua ya 9: Toka kwanza, habari ifuate

Habari nzito itoke ukiwa umeshaondoka, na ikiwezekana baada ya majuma kadhaa, ili tarehe yake isikumbushe siku mliyoonana. Mkalimani na dereva nao wajue siku ya kuchapishwa, wapate nafasi ya kusafiri kama wanataka.

Ukikamatwa kabla hujatoka, sema wewe ni mwandishi, taja chombo chako, na uombe ubalozi wako ujulishwe. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli, wa 1963, inakupa haki hiyo. Usitie saini karatasi usiyoielewa. Usitunge uongo juu ya ulikokuwa, maana uongo wako utamshtaki mwingine. Mhariri naye, saa uliyoahidi kujitokeza ikipita, awe na maagizo yaliyoandikwa: ampigie nani kwanza, na nenosiri zipi azibadilishe dakika hiyo hiyo.

Habari ikishatoka, usimpigie mtoa habari kumuuliza amepokeaje, wala usimtumie kiungo. Subiri ishara mliyopatana katika hatua ya tano, iwe picha ya kawaida mtandaoni au salamu kupitia mtu wa tatu. Isipokuja katika muda mliopanga, mpigie wakili, kisha mhariri, na ufungue fungu la dharura siku hiyo hiyo.